Vidole vya Buluu na Glavu za Kama

Mimi hakuna kitu kinachoweza kunishangaza. Ninyi mnaonisoma kila juma mnalijua hilo, na asiyelijua alijue leo. Nilianza kubeba magunia ya mchele pale stesheni ya Kindu nikiwa na miaka kumi na mitatu. Shule nilikaa miaka mitatu tu kwa mapadri. Herufi zilizobaki nilijifunza kwenye makatoni ya watu wengine, nikiwa nimeyabeba kichwani. Nimeuza chumvi, nimeuza sabuni, nimeuza minyororo ya baiskeli na mabati. Zamani zile maduka ya wageni yalipogawiwa, wenzangu walipewa duka pamoja na ufunguo wakalinywa lote kabla ya mwaka kuisha. Mimi sikupewa hata msumari, na leo duka langu lina milango mitatu. Nimeona bei ya mkate ikibadilika kati ya asubuhi na adhuhuri. Nimeona treni iliyotangazwa Alhamisi ikifika Alhamisi ya mwezi mwingine. Basi Jumatatu iliyopita nilikuwa nimesimama kwenye kivuko nikingoja kwenda ng'ambo ya Alunguli, na mama mmoja mwenye mafungu ya sombe, majani ya muhogo, akaniuliza: "Papa, weye haujasikia? Yule muzee wa vidole vya buluu, wa lopitali, walimuzika jana." Nikamwambia sijasikia. Halafu mimi, mtu wa milango mitatu, nikakaa chini juu ya gunia la mtu nisiyemjua, na kivuko kikaondoka kikaniacha.

Hakuwa rafiki yangu. Niseme ukweli huo mapema kwa sababu tangu Jumatatu watu wananipa pole kana kwamba nimefiwa na ndugu. Wengi wenu mmemwona hata kama hamkujua kazi yake. Ni yule mtu mfupi aliyekuwa akikusalimia kwa kukupa kifundo cha mkono badala ya kiganja, kwa sababu viganja vyake daima vilikuwa vimetoka kuoshwa au vinakwenda kuoshwa. Alifanya kazi kwenye chumba kimoja kidogo cha hospitali, nyuma ya chumba cha upasuaji, chenye sufuria kubwa la chuma la mvuke na meza iliyokaa chini ya dirisha. Vyombo vyote vya kumkatia mtu tumbo vilipita mikononi mwake. Vile vya chuma alivipika kwa mvuke. Vile vilivyotoka Ulaya vikiwa tayari ndani ya pakiti, upande mmoja karatasi, upande mwingine plastiki, kingo zote zimegandishwa kwa moto wa mashine, hivyo alivipima. Hapo ndipo njia yake na njia yangu zilipokutana, maana miaka ile hospitali ilikuwa haipati tena vitu kutoka Kinshasa. Mgonjwa akija kupasuliwa, jamaa zake walipewa kikaratasi wakanunue wenyewe, na duka lililokuwa ng'ambo ya barabara lilikuwa langu.

Nitawaeleza jinsi alivyopima, kwa sababu nilisimama pale mara nyingi nikiwa nimekunja uso. Kila katoni niliyoleta alichomoa pakiti tatu. Hakuchagua, alifumba macho na kutia mkono. Alikata kidirisha kwenye plastiki kwa wembe, akaitoa glavu, akavuta kwa sindano ile dawa ya buluu wanayowapaka watoto kooni, akaitia ndani ya pakiti kidogo tu. Halafu aliilaza ubavu ili dawa itambae kwenye mshono, akahesabu kimyakimya midomo ikichezacheza, akaigeuza ubavu mwingine, akahesabu tena. Mshono ukiwa mzima, dawa inasimama pale kama maji yaliyofika ukutani. Ukiwa mbovu, unaona unywele mwembamba wa buluu unavuka kutoka ndani kwenda nje, polepole, kama mtu anayetoroka. Unywele mmoja ulitosha. Katoni ilirudi kwangu.

Kilichoniumiza ni zile tatu. Siku ya kwanza kabisa nilimuuliza mbele ya wauguzi: "Tatu kwa kila katoni! Nani anazilipa?"

"Hakuna anayezilipa," akasema.

"Kwa hiyo weye unazila bure?"

"Glavu haziliki, ndugu. Ungekuwa unauza mihogo, ndiyo, ningekula." Wauguzi wakacheka. "Zikishapita kwenye dawa haziwezi tena kuingia kwa mugonjwa. Zimekufa. Hiyo njo bei ya kujua."

"Kujua nini?"

"Kujua zile ambazo sikukata."

Nilitoka pale nikimtukana moyoni. Mimi niliyezoea kupima mchele kwa kikombe na kurudisha mchele ule ule kwenye gunia, nikaona mtu huyu ana wazimu: anaharibu kilicho kizima ili asifu kilichobaki.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Ni miaka kumi na kitu imepita, mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minane. Nilikuwa nimeweka fedha yangu yote, na nikisema yote mniamini, kwenye makatoni sita ya glavu za upasuaji niliyonunua Kalemie, kila katoni pakiti mia moja. Nikayapakia kwenye treni. Treni ikalala Kibombo siku sita kwa sababu ya reli, mvua ikanyesha siku sita, na behewa lilikuwa na tundu darini ambalo hakuna aliyenitajia. Nilipofungua makatoni nyumbani kwangu karatasi za pakiti zilikuwa zimekunjamana kama ngozi ya kifundo cha mzee, na kingo zimeachia, zimefumbuka kama midomo ya mtu aliyelala. Nilikaa kizingitini. Mke wangu akaja, akaokota moja, akaigeuza, akaipapasa kingo kwa kidole gumba.

"Wewe unalia kwa ajili ya hii?" akasema. "Baba ya watoto, hii ni kazi ya pasi tu."

Lazima niwaambie kwamba mke wangu ndiye mpiga pasi wa kanzu anayejulikana mtaa wetu wote. Alhamisi jioni uani kwetu hukuona ukuta kwa kanzu za watu. Pasi yake ya makaa alirithi kwa mama yake, nzito, na pua yake ilikuwa imemeguka kidogo upande mmoja. Tukatandika mikeka uani, tukaanika pakiti mia sita juani kama watu wanaoanika mpunga, siku tatu. Kisha yeye, na tumbo lake lile, akaketi kwenye kigoda akapiga pasi kingo moja moja juu ya kitambaa, nami nikampepea makaa. Zilipotoka zilikuwa zimenyooka kuliko zilivyotoka kiwandani. Wala msidhani tuliona tunafanya dhambi. Sisi kwetu kitu kikikauka kwa jua na kunyooka kwa pasi, ni kitu safi. Kanzu inafuliwa, inaanikwa, inapigwa pasi, mtu anaingia nayo msikitini kusimama mbele ya Mola wake. Glavu ingetaka nini zaidi ya hapo? Usiku ule nililala usingizi mzuri sana.

Asubuhi nikazipeleka hospitali. Marehemu aliichukua ya kwanza, akaisogeza dirishani. Hakutia wembe. Akachukua ya pili, ya tatu, akazipanga kando kando.

"Nani amepiga pasi hizi?"

"Pasi gani?" nikasema.

"Ndugu, usinifiche. Kiwanda cha Wazungu hakina pasi yenye pua iliyovunjika." Akanionyesha. Kwenye kona ya kila pakiti kulikuwa na alama ndogo iliyopinda, mithili ya ukucha. Mimi niliyezitazama siku tatu sikuwa nimeiona. "Lakini mukono wake ni muzuri," akasema, na hakuwa ananicheka. "Sijaona mukono kama huu. Umwambie hivyo."

Akakata kumi badala ya tatu. Tukasimama wawili kuangalia dawa ikitambaa. Saba zilisimama. Tatu zilivuka.

"Saba zimepita!" nikapaza sauti. "Saba kwa kumi! Shuleni hiyo ni alama ya kupewa zawadi."

"Hata zingepita zote kumi ningekataa." Akaifuta meza kwanza, kama kawaida yake, ndipo akaendelea. "Zililowana. Karatasi ikilowana, uchafu unapita ndani kama vile hakuna karatasi. Weye umekuja baadaye ukafunga mulango. Sawa, umefunga vizuri. Lakini mwizi umemufungia ndani."

"Nitakupa fungu lako."

Hapo akanitazama kwa mara ya kwanza. "Sikiliza. Pakiti niliyoikata siwezi kuitumia. Ile itakayofunguliwa juu ya tumbo la mama ya muntu, hiyo hakuna aliyeikata, hakuna aliyeona ndani. Miye hapa sipimi pakiti. Napima muntu aliyeifunga, kama naweza kumwamini nisipoona. Na weye siwezi."

Nimetukanwa na makarani, na askari, na wakwe. Hakuna aliyenitukana kwa sauti ya chini namna ile. Ningeweza kwenda nyumbani. Badala yake nilivaa suti yangu mpya ya abakosi nikaenda kwa msimamizi wa hospitali, mtu ambaye siku hizo alikuwa anaimba kwa nguvu kuliko wote kwenye mikutano ya Chama na ambaye alikuwa na deni la mabati kwangu. Nikamwambia kuna mfanyakazi wake anakataa vitu vizima wakati wagonjwa wanakosa, na anaviharibu kwa wembe kwa makusudi. Halafu nikatamka neno moja. Wenye umri wangu wanalijua. Miaka ile ukilitamka juu ya mtu ni kama umemwagia petroli. Nikasema: "Sitwayeni, raia mwenzangu, huyu anafanya sabotaje, anaihujumu nchi." Marehemu alifungwa kasho siku mbili. Alipotoka chumba kile kilikuwa kimepewa mtu mwingine, na yeye akapewa ufagio wa uani. Glavu zangu zikaingia. Nikatembea mjini nikiwa nimeinua shingo.

Siku kumi na moja zilipita hivyo. Katika siku hizo glavu zangu zilifunguliwa juu ya watu ambao sijui ni wangapi. Mmoja namkumbuka, mkulima aliyetoka Obokote kuja kukatwa ngiri, kwa sababu jamaa zake walinunua dukani kwangu na tukataniana juu ya bei. Kidonda chake kilioza. Alilala pale wiki nyingi, akatoka akiwa anatembea, amekonda. Nilimpelekea sukari. Kidonda kinaweza kuoza kwa sababu mia moja, nimeambiwa hivyo na madaktari wawili. Na katika siku hizo hizo muuguzi wa zahanati ya Kama, kule kwa wachimba dhahabu, alipita dukani akanunua pakiti arobaini kwa mpigo, akanishukuru kwa kumkatia bei hadi zaire moja na makuta sabini na tano kila moja.

Siku ya kumi na mbili, Ijumaa, watu wametoka kuswali, mke wangu alishikwa na uchungu ambao haukwenda mbele. Dokta akampima akasema mtoto amekaa vibaya, lazima apasuliwe, tena upesi. Nikaanza kutafuta kikaratasi cha kununulia vitu. Muuguzi akacheka kwa wema: "Papa, weye unanunua nini? Vitu viko, tena vya duka lako mwenyewe. Bahati yako!" Akaweka pakiti mbili juu ya shuka, karibu na mkono wa mke wangu. Mke wangu alikuwa anahema kwa mdomo wazi. Akaigusa moja, akapitisha kidole gumba kwenye kingo, akafika kwenye kona, kidole kikasimama.

"Baba ya watoto. Hii njo ile yetu?"

Nikaangalia mlango. Yule muuguzi alikuwa amesimama pale pale.

"Nakuuliza. Njo ile ya uani?"

"Njo hiyo," nikasema.

Hakulia, hakupiga kelele. Alisema tu, kati ya uchungu mmoja na mwingine: "Muzee wa dawa ya buluu alikataa, siyo? Weye uliniambia alikubali." Halafu: "Kimbia."

Nilimkuta nyuma ya jiko la hospitali anafagia majani. Nilimsemesha nikiwa bado mbali. Alifagia hadi mwisho wa mstari aliouanza, akasimamisha ufagio ukutani, akasikiliza. Nilitegemea anikatalie, na kama angenikatalia ningekuwa na mtu wa kumchukia hadi leo. Aliuliza: "Alianza saa ngapi?" Nikamwambia. Akasema: "Glavu za zamani zile za kupika ziko, ziko kwenye sanduku la bati, hakuna aliyezigusa. Nahitaji saa moja na nusu ya mvuke. Lakini kuingia mule ndani siwezi, miye ni mufagiaji. Weye njo utawaambia."

"Niwaambie nini?"

"Ile uliyofanya."

Basi nikaingia kwa dokta, msimamizi akiwepo, wauguzi watatu wakiwepo. Na hapa ndipo ninapotaka wasomaji wangu wasikilize vizuri, maana kwa miaka kumi na kitu nimewasimulia kisa hiki nusu. Nilisema: "Dokta, nimepata habari sasa hivi kwamba glavu zangu zilinyeshewa ndani ya behewa. Msizitumie hata moja. Mwiteni yule mzee awapikie za zamani." Ndivyo nilivyosema. Nimepata habari sasa hivi. Sikutaja mikeka. Sikutaja pasi. Sikutaja kwamba mzee alikuwa ameniambia hayo yote wiki mbili kabla, na kwamba nilimfunga kwa ajili hiyo. Yeye alikuwa amesimama mlangoni, mikono imeloa hadi kwenye viwiko, amenyanyua vidole juu. Alisikia kila neno. Msimamizi akakohoa akamwambia aingie kazini kwake upesi, kana kwamba alikuwa amechelewa.

Saa moja na nusu. Nimengoja treni, nimengoja wadeni, nimengoja mvua ipite nikiwa juu ya lori porini njia ya Lubutu, sijangoja kama vile. Mke wangu alikuwa anashika chuma cha kitanda, na kila alipokishika mimi nilisikia lile sufuria likitoa pumzi upande wa pili wa ukuta. Mara mbili dokta alituma mtu kuuliza, mara mbili marehemu akajibu neno lile lile: "Bado." Mara ya tatu nilikwenda mwenyewe, nikamwambia mzee, nakuomba, toa, anakufa. Akasema bila kugeuka: "Nikitoa sasa nitakuwa nimefanya kama weye." Akatoa ilipotimia. Mtoto alizaliwa msichana, analia kwa hasira. Mama yake alipona. Wote wawili wapo, na huyo msichana sasa ananisahihisha herufi kabla sijapeleka safu hii kwa mhariri.

Siku ya pili nilibeba pakiti zote zilizobaki nikazichoma nyuma ya hospitali, mchana, watu wakiangalia. Moshi wake ulikuwa mweusi na unanuka. Mji mzima ukanisifu. Mfanyabiashara anayechoma mali yake kwa ajili ya wagonjwa! Msimamizi akanitaja kwenye mkutano. Nikapandisha bango juu ya duka, USAFI KWANZA, herufi nyekundu, na mnajua wenyewe bango lile limeniletea nini. Milango miwili kati ya ile mitatu imejengwa juu ya moshi ule. Sisemi siasa, mimi ni mtu wa kuuza na kununua. Lakini nimeona mara ngapi mgeni mkubwa akitangazwa, ukuta wa mbele wa hospitali unapakwa chokaa na ule wa nyuma unaachwa na ukungu wake. Jumamosi ya salongo, ile kazi ya lazima ya usafi, tunafagia barabara ile atakayopita tu. Makarani wetu wanajua kugonga mihuri. Wanafunzi wetu wanajua kuimba wimbo wote bila kukosea. Kingo zetu zimenyooka. Sote tumekuwa wapiga pasi hodari, na mimi nilikuwa wa mbele kuliko wote, na nilipokuwa nasifiwa nilifikiri ninasifiwa kwa haki, maana mtu akisifiwa muda mrefu anasahau.

Mmoja tu hakusahau. Alirudishwa chumbani kwake na hakuniambia neno kuhusu kasho wala ufagio. Lakini mara ya kwanza tulipokutana baada ya hayo, sokoni, alinipa kile kifundo cha mkono akaniuliza taratibu: "Na ile ya Kama?"

Nilikuwa nimemwambia mwenyewe juu ya zile arobaini siku ya moshi, kwa kihoro. Nikajibu: "Wiki ijayo naenda kuzichukua." Ningeweza kwenda. Nilikuwa na pikipiki. Lakini kwenda Kama maana yake kumwambia yule muuguzi kwa nini, na wachimba dhahabu wana midomo, na bango lilikuwa bado halijakauka rangi. Miezi ikapita. "Ile ya Kama?" Nikasema barabara mbaya. Mwaka ukapita. "Ile ya Kama?" Nikasema nimetuma barua. Sikuwa nimetuma. Tukaendelea hivyo miaka, hata ikawa kama maamkizi yetu, naye aliuliza bila ukali, akinitazama usoni kwa utulivu ule ule, midomo ikichezacheza kidogo. Siku moja nilikasirika nikamwambia: "Muzee, pakiti hizo zimeshaisha zamani! Watu wameshapona au wameshakufa. Unataka nini?" Akasema: "Njo ubaya wake. Hautajua." Akaenda zake.

Jumatano nilikwenda kwenye matanga. Nyumba ni ya matofali mabichi, uani pamefagiwa mistari mistari. Nilimkuta mjane wake kwenye mkeka, nikampa pole, nikaketi, nikasema kwamba marehemu amekufa akiwa ananidai jibu la Kama. Mwanamke yule akainua kichwa.

"Kama? Alikwenda mwenyewe, papa. Haukujua?"

Nikasema sikujua.

"Mwaka ule ule. Mutoto wako hata kukaa alikuwa hajaanza. Alichukua likizo yake, akachukua baiskeli, siku tisa kwenda na kurudi. Miguu ilivimba, nikamukanda na maji ya chumvi. Alimuambia yule muuguzi kwamba lopitali ya Kindu imepungukiwa, inazinunua tena. Jina lako hakulitaja. Akarudi na ishirini na sita ndani ya gunia la unga, tukazichoma pale, nyuma ya choo. Mushahara wa mwezi muzima na zaidi uliishia pale."

Ishirini na sita. Kumi na nne zilikuwa zimetumika. Nilihesabu kwa vidole chini ya kanzu. Kisha nikauliza: kama alikuwa ameshazichoma, kwa nini aliendelea kuniuliza miaka yote hiyo?

"Hata miye nilimuuliza. Nikamuambia, umuache muntu wa watu, jambo limeisha." Akarekebisha kitambaa chake kichwani. "Akasema: pakiti nimezimaliza. Sasa imebaki yeye."

Basi mimi ambaye hakuna kinachonishangaza nikaona, nikiwa nimekaa kwenye mkeka wa watu, kwamba kwa miaka kumi na kitu mtu yule alikuwa ananilaza ubavu na kuhesabu. Kila "wiki ijayo" yangu aliiona ikivuka. Hakunitupa kama alivyotupa katoni. Alirudi tena mwaka uliofuata kuangalia kama mshono umeshika. Somo nililolipata ni dogo na limekuja nimechelewa, lakini nawapa kwa sababu ninyi mmenisoma kwa imani: mtu anayekukagua na kukuudhi ndiye peke yake anayekutarajia uwe mzima. Hao wanaokusifu kwa nje walishamaliza na wewe. Na kama kuna mtu Kama, au Obokote, au hapa hapa Kindu, aliyepasuliwa siku zile na mwili wake ukamgeuka, asome hapa kwamba glavu zilikuwa zangu, pasi ilikuwa yangu, na mzee alizikataa. Bango nimeliteremsha jana.

Nilitoa noti ya elfu tano nikaiweka mbele ya mjane. Akairudisha kwa kidole. Nikaongeza nyingine. "Hapana, papa. Kile alichotoa yeye kwa zile ishirini na sita, kwa bei yako ya zamani, hicho tu. Zaidi ya hapo utakuwa unaninunua." Nikamweleza kwamba fedha ile ya zamani leo hainunui hata kiberiti. "Najua," akasema. "Leta hiyo hiyo." Noti ndogo nilizipata kwa makarani wa stesheni, waliozishangaa. Sarafu hazikupatikana, hakuna mwenye duka anayezipokea tena. Nilizunguka soko siku mbili, mimi mwenyewe, hadi nikampata mama mmoja anayeuza chumvi ambaye huzitumia kama mawe ya mizani yake, akaniuzia tano za makuta kumi kumi kwa bei ya kunikomoa. Leo asubuhi nimerudi kwa mjane nikamwekea mkononi, akahesabu polepole mbele yangu, akafunga kwenye pindo la nguo yake. Marehemu aliniambia zamani kwamba kujua kuna bei yake. Yangu imekuwa zaire arobaini na tano na makuta hamsini.